Klori Haina Nyongeza

Mabidoni mia moja arobaini na mbili ya maji yaliyomwagwa juu ya mawe ya volkano. Pipa moja la pombe ya kasiksi lililokufa kabla ya kuzaliwa. Kilo nne za mwili wa Faustin, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ambaye hakuwa na kilo za kutoa. Na siku saba nzima ambazo Mama Furaha alinipita kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme. Nimehesabu mara mbili, hesabu ni ile ile. Hiyo ndiyo gharama ya nyongeza moja ya klori niliyoitoa kwa roho nzuri.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika sirinji leo pale Kituku na kwenye kingo zingine za ziwa. Mimi nimeshapumzika. Magoti yalikataa kuendelea kuinama juu ya bidoni, nami sikuyalazimisha. Lakini nimepita juzi pale kwa klori, nikaona mnafanya kazi vizuri, na nikaona pia mnacheka sana na wateja. Ni kule kwenye kucheka ndiko nilikoangukia mimi.

Kabla ya klori nilikuwa nauza sambaza katika soko la Majengo. Mtu aliyeuza samaki wadogo miaka mingi ana mambo mawili mkononi: anajua kitu kinachooza kinavyoanza kuoza, na anajua kubishana bei hadi mnunuzi aone aibu. Jambo la kwanza lilinisaidia katika kazi mpya. Chumvi, jua, moshi, hewa inayopita, mikono iliyonawa: kumbe miaka yote ile nilikuwa napigana na vijidudu bila kuvijua jina. Jambo la pili ndilo lililoniponza.

Aliyenifundisha klori ni Muzee Serugendo, mtu mwembamba aliyefanya kazi ya laboratwari, yaani maabara, katika kituo cha afya tangu alipokuwa na nywele. Siku ya kwanza alichota maji ya ziwa katika glasi, akainyanyua kwenye mwanga, akaniuliza:

"Mama Masika, unaona nini?"

"Naona maji, muzee."

"Na mimi naona maji. Njo sababu tuko na kazi."

Akanipa kopo la unga wa klori, ndoo na kijiko, aone nitakavyotengeneza dawa ya siku. Nikapima kama mtu wa soko. Ninyi mnajua sambaza zinavyopimwa: bakuli linajazwa, halafu unaweka mlima juu, halafu mnunuzi anataka mlima juu ya mlima. Nikajaza kijiko cha klori, nikaweka mlima. Muzee Serugendo akachukua rula ya mtoto wa shule, akapitisha juu ya kijiko taratibu, ule mlima ukaanguka kwenye kopo.

"Mlima tuko nayo mumoja hapa Goma," akasema, "inatutosha."

Basi nikajifunza. Ndoo iwe ya plastiki, kwa sababu klori inakula chuma. Niliwahi kutumia ndoo ya chuma wiki moja tu, ikatoka kutu kama meli ya zamani. Iwe na kifuniko na ikae kivulini, kwa sababu jua linainyonya. Dawa ya jana usiitegemee leo kama unavyoitegemea dawa ya leo. Usivae kitenge unachokipenda. Na msioshe ndoo ya klori kwa ndimu wala siki. Mwenzetu mmoja alitaka ndoo ing'ae, akakamua ndimu tatu, na mvuke uliotoka ulimfanya akohoe hadi tukamburuta nje. Ndoo haikung'aa hata hivyo.

Mtaniuliza, kwa nini klori na si kuchemsha? Kuchemsha ni kuzuri sana, kama mtu mwingine ndiye ananunua makala, yale makaa ya kupikia. Familia ya watu wanane inayochemsha maji yote ya kunywa itafika siku ya kuchagua kati ya maji na maharagwe. Tulijaribu pia chupa juani, juu ya bati. Inafanya kazi vizuri mahali penye jua. Hapa kwetu asubuhi ni ukungu, mchana ni mawingu, jioni ni moshi wa mlima, na chupa inabaki pale juu ikiangalia angani. Ndiyo maana sirinji.

Kazi yenyewe mnaijua. Tulikuwa wawili wenye sirinji, kila mmoja upande wake wa foleni. Mama anachota, analeta bidoni ya lita ishirini, unaingiza dozi, anafunga, anatikisa, anasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Hiyo nusu saa ndiyo niliyogombana nayo zaidi. Watu wanadhani kijidudu kinakufa kwa kuona sirinji. Kinakufa polepole. Akishasubiri, unamwonyesha kipimo: unachota maji kidogo katika kichupa, unatia kidonge, maji yanageuka rangi. Pinki nyepesi, kama ukucha wa mtoto, ni sawa. Meupe kabisa, klori imekwisha na maji hayana mlinzi. Pinki nzito kama Fanta ya grenadine, umezidisha.

Sasa kubishana. Mtu wa Goma akisimama mbele ya kitu kinachopimwa, mdomo wake unaanza kazi wenyewe, hata kama kitu ni cha bure. Siku za kawaida walikuwa wanabishana kushuka.

"Mama Masika, punguza. Jana chai ilinuka kama hospitali."

"Dozi ni dozi, mama."

"Basi weka nusu, nusu nitakuja kuchukua kesho."

Mmoja alinyanyua mtoto mgongoni anionyeshe. "Ona, huyu njo atakunywa. Ni mudogo. Umutilie ya mutoto."

Nilikuwa nawajibu, tunacheka, dozi inabaki ile ile. Katika kushuka hakuna aliyenishinda. Mtu aliyeuza sambaza hashushwi. Ila hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kubishana na anayetaka kupanda.

Ikaja wiki ambayo habari za kuhara zilianza kuzunguka. Mtu mmoja avenyu ya chini, wawili avenyu ya juu, ambulansi imeonekana mahali. Basi wale wale waliosema punguza wakaanza kusema ongeza. Na mtu akikuomba nyongeza kwetu, akikuita mama, akikukumbusha kwamba amekuja kwako miaka yote, utamnyima? Mfanyabiashara asiyetoa nyongeza ana roho ya jiwe. Mkono wangu ulikuwa na mazoea ya miaka. Nilipima dozi, nikaongeza vistari viwili vya sirinji kwa mteja mwema. Kwa mteja mwema sana, vinne.

Mteja mwema kuliko wote alikuwa Mama Furaha. Nyumbani kwao ni Masisi, anakaa Ndosho, na anatengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, ambayo watu wanaifuata kutoka mbali. Maji ya kunywa alikuwa anayapitisha kwangu kila siku. Maji ya pombe alikuwa anayachota pembeni, bila klori, na tulikuwa tunajifanya hatuonani. Lakini wiki ile alikuwa na jambo. Kijana wake Innocent alikuwa anaenda kutoa mahari Majengo, kwa wazazi wa binti mmoja ambao ukoo wao ni wa Rutshuru, watu wa heshima na wa kuangalia sana. Na kwa watu wale, mahari bila kasiksi haina mdomo wa kusemea.

Akaja Jumatatu na mabidoni sita juu ya chukudu ya Faustin.

"Haya njo ya pombe," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na haya magonjwa, siwezi kuwapa wakwe maji ya hivi hivi. Mugeni akiumwa tumbo siku ya dot, siku ya mahari, harusi imekufa. Unitilie nguvu, Mama Masika. Uninyongezeye kabisa."

Nikamnyongezea kabisa. Sirinji ilifika mahali ambapo haijawahi kufika. Tulicheka, akaniahidi kikombe cha kwanza, akaondoka.

Jumapili ya wiki ile, watu wanatoka misa, nikamwona anashuka kuelekea ziwani akiwa amevaa bado kitambaa cha sherehe. Bidoni moja mkononi. Akafika mbele ya foleni yote, akaifungua, akaimwaga juu ya mawe mbele ya miguu yangu, taratibu, hadi tone la mwisho.

"Ile maji yako," akasema, "iliua pombe yangu."

Sikuelewa. Akaeleza, si kwangu, kwa foleni. Kwamba Jumanne alilowesha unga wa mtama katika maji yale, kama siku zote, ule unga wa kuamsha pombe. Kwamba akachanganya na maji ya ndizi, akafunika kwa majani, akasubiri povu. Jumatano hakuna povu. Alhamisi hakuna. Ijumaa akaweka sikio kwenye pipa, kimya kama kaburi. Jumamosi ikabidi waende Majengo na kreti za Fanta. Baba mdogo wa binti aliangalia zile kreti muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Mumekuja kwa sikukuu ya watoto?" Wakaambiwa warudi baada ya majuma mawili, na kasiksi, na kama haipo wasipoteze pesa ya moto, ile pikipiki ya kukodi.

"Kama inaua pombe," akamalizia Mama Furaha, "tumboni mwa mutoto inafanya nini?"

Vijana, kuna maswali ambayo hata ukiwa na jibu zuri bado umeshashindwa. Mama mmoja akafungua bidoni yake, akanusa, akamwaga. Wa pili akamwaga. Na kweli ilikuwa inanuka, kwa sababu nao nilikuwa nimewapa nyongeza. Hapo ndipo yalipokwenda yale mabidoni mia moja arobaini na mbili, siku ile na iliyofuata. Wakahamia upande wa pili, kule mitumbwi ya wavuvi inapooshwa, ambako hakuna sirinji wala mtu wa kuwanyongezea. Foleni yangu ikabaki ya watu wanaokaa mbali na ziwa, ambao habari zilikuwa hazijawafikia.

Muzee Serugendo alikuja Jumatatu. Hakupiga kelele. Alichukua maji katika bidoni iliyoachwa na mama mmoja, akatia kidonge, tukasimama wawili tunaangalia ile rangi. Sijawahi kuona pinki ya namna ile. Akajaza kikombe, akanipa.

"Kunywa."

Nikaonja, nikatema.

"Umetoa nyongeza," akasema.

"Kidogo, muzee."

"Kwa wangapi?"

"Kwa wote walioomba."

Akakaa juu ya jiwe, akavua kofia. "Mama Masika, mutu akiona maji inanuka, hainywi. Asipoinywa, anakwenda kunywa ingine. Weye hukumwongezea dawa. Umemusukuma mutoni." Alipenda kuliita ziwa mto, sijui kwa nini. "Dozi ndogo ni mbaya, dozi kubwa ni mbaya kwa namna ingine, na mgonjwa ni ule ule."

Siku ya Jumatano akaanguka Faustin. Alikuwa anakunywa pale anapofanyia kazi, na kazi ilikuwa imehamia kwa mitumbwi. Walimpeleka kituo cha matibabu juu ya chukudu yake mwenyewe, wenzake wawili wanasukuma. Nilienda kumwona. Walikuwa wamemtundikia maji ya mishipa, uso umeingia ndani kama wa mzee. Akanitania bado: "Mama, hapa njo wanatoa nyongeza. Hii ni chupa ya sita." Alipona, ashukuriwe Mungu, alitoka siku ya tatu. Nilipokuwa narudi nyumbani sikucheka njia nzima. Nilikuwa nawaza wale wote wanaochota kule kwa mitumbwi, na wangapi kati yao wana nguvu za Faustin.

Nikamwomba Muzee Serugendo aende kuzungumza na Mama Furaha, kwa kuwa ni msomi. Akakataa. "Mimi niko na maneno ya laboratwari. Kule kunatakiwa maneno ya soko. Nenda weye." Akanipa kile kichupa cha kupimia na vidonge kumi. Nilivihesabu mbele yake, na tena kwenye moto nikielekea Ndosho.

Ilikuwa Jumapili, zimebaki siku sita kwa ile Jumamosi ya wakwe. Mama Furaha alikuwa uani, anasugua lile pipa. Hakunisalimia. Nikavuta kigoda, nikakaa bila kukaribishwa, kwa sababu mtu anayebishana akiwa amesimama ameshaonyesha kwamba anaweza kuondoka.

"Nimekuja kununua," nikasema.

"Siuzi kitu."

"Nanunua makosa. Yangu nimeshayabeba. Nataka kujua kama kuna mengine hapa."

Akaendelea kusugua. Kisha akauliza, "Makosa gani?"

"Nilikuwekea vistari sita zaidi. Nimeenda kufanya hesabu na muzee. Vistari sita vingenuka, vingekera, lakini kuua mtama wote ule, muzee anasema haviwezi. Sasa nguvu ingine ilitoka wapi?"

Brashi ikasimama. Mama Furaha akaangalia mlangoni, ambako msichana wake Furaha alikuwa anachambua mchele kwa bidii ya ghafla.

"Nilimutuma huyu mutoto arudi na yale mabidoni," akasema hatimaye. "Kwa mwenzako, upande ule mwingine wa foleni. Naye akatia."

"Dozi?"

"Na nyongeza."

"Ju ya nini, Mama Furaha?"

"Ilikuwa ya bure."

Nilijitahidi. Niliangalia pipa, niliangalia kuku, lakini kicheko kilikuja, naye akajitahidi na wake, halafu tukashindwa wote wawili. Furaha akaingia ndani na mchele wake. Hatukuwa marafiki tena papo hapo, msidhani hivyo. Lakini kosa lilikuwa limegawanywa, na kosa lililogawanywa linabebeka.

Tukaanza kubishana sasa kwa haki. Yeye alitaka kurudia maji ya pembeni, bila klori, kama zamani. Nikamuuliza kama yuko tayari kumpeleka baba mdogo wa binti mahali alikolala Faustin. Akaliacha hilo. Nikasema achemshe. Akahesabu kwa vidole: mabidoni sita ya maji, nusu gunia ya makala, na sufuria yenyewe ya kuazima. Alikuwa sahihi, nilihesabu pia.

Basi nikamweleza alichonieleza Muzee Serugendo. Tunatia dozi ya kweli, bila hata kistari. Tunasubiri nusu saa, tena nusu saa ingine, klori imalize kazi yake. Kisha maji tunayamimina katika mabeseni mapana, tunafunika kwa chandarua safi nzi wasiingie, tunayaacha siku nzima. Klori inaondoka yenyewe kwenda hewani, haina kiburi. Tunapima kwa kidonge. Maji yakibaki meupe, klori haipo, na vijidudu vibaya vilikwisha kufa jana. Hapo unalowesha mtama wako palepale, usiyaache yakae tena.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kitu ambacho sijakisikia katika mafunzo yoyote.

"Kumbe mimi na weye tunafanya kazi moja. Weye unaua byote. Mimi nachagua."

Akanionyesha. Pipa anaunguza kwanza kwa maji ya moto na majivu. Majani ya kufunikia anayapitisha juu ya moto. Ndizi iliyopasuka anaitupa, hata kama moja. Mtama anaukaanga. Mtu mwenye kidonda mkononi hagusi. Hakuna aliyemfundisha neno kijidudu, lakini alikuwa na kanuni kumi na moja, nilizihesabu, na tisa kati yake zingeweza kuandikwa ukutani kwa Muzee Serugendo. Nilikuwa nimekuja kufundisha. Nikatoa daftari.

Tukakubaliana hivi: ajaribu kwanza katika kibuyu kimoja. Kikiamka, anatengeneza pipa, na yeye mwenyewe anawarudisha akina mama kwangu. Kisipoamka, mimi nasimama Majengo mbele ya wakwe na kusema kwamba kosa ni langu. Hiyo ya mwisho aliitia yeye. Nilijaribu kuishusha, ikakataa kushuka.

Jumatatu tulimimina mabeseni. Jioni nikapima: pinki. Nikamwambia tulia. Jumanne asubuhi nikapima: pinki nyembamba sana, ya kubahatisha. Furaha alisema ni nyeupe, mamake alisema ni pinki, mimi nilisema tusubiri saa sita. Saa sita ilikuwa nyeupe, hata kwa Mama Furaha ambaye alikuwa anatafuta sababu. Akalowesha mtama katika kibuyu, akaongeza maji ya ndizi, akafunika. Nikarudi nyumbani, sikula vizuri. Nilikuwa natunga yale maneno ya kusema Majengo.

Jumatano alfajiri simu ikalia. Sauti yake haikuonyesha kitu.

"Mama Masika, kuya usikie."

Nilifika juu ya moto ya kukodi, nikaweka sikio kwenye kibuyu. Kulikuwa na sauti ndani, ndogo, kama watu wengi wananong'ona kanisani. Povu lilikuwa limeshafika shingoni. Mama Furaha alikuwa ameshaanza kukamua ndizi za pipa. Hakunishukuru. Alinipa ndoo, akasema, "Nawa mikono, ushike pale."

Jumamosi walienda Majengo. Mimi nilikuwa kazini, kwa hiyo naeleza nilivyoelezwa na Furaha. Baba mdogo wa binti alipewa kikombe cha kwanza. Akanywa kidogo, akaweka chini, akauliza maji yametoka wapi. Mama Furaha akajibu: "Kwa klori, Kituku." Yule baba mdogo akanywa tena, safari hii hakuweka chini. "Basi," akasema, "leo munaweza kusema kilichowaleta." Innocent na mkewe wana watoto wawili sasa, na wakubwa wanasema wa kwanza anafanana na baba mdogo kwa ubishi.

Jumatatu asubuhi Mama Furaha alishuka Kituku na akina mama kumi na saba nyuma yake. Akaweka bidoni yake mbele yangu. Mmoja wao nyuma akasema, "Mama Masika, leo utatunyongezea?" na kabla sijafungua mdomo Mama Furaha akageuka. "Weye, nyamaza. Unataka kuniulia pombe tena?" Ikawa hivyo. Kwa miezi mingi sikuhitaji kumkatalia mtu. Walikuwa wanakataliana wenyewe kwenye foleni. Kule kwa mitumbwi wakabaki wavuvi peke yao.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuwaandikia. Si kuwafundisha tu. Nina haja.

Nilipostaafu nilienda Ndosho kumuuliza Mama Furaha anataka fidia gani ya lile pipa la kwanza, maana jambo lile halikuwahi kufungwa vizuri. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilifikiri atataka ndizi, au siku za kazi. Akakataa vyote. Akasema: "Weye unajua kuua. Unipe siku ine."

Shida yake ni hii. Kasiksi yake ni tamu siku ya kwanza na ya pili, ya tatu inakuwa kali, ya nne ni siki. Ana mteja Bukavu anayetaka chupa nyingi kila wiki. Ila kuzijaza, kungoja boti, kuvuka ziwa na kuzifikisha dukani, siku zimekwisha, na anayefungua chupa anakunja uso. Anataka pombe ikae siku nne zaidi bila kuharibika. Akifaulu, ataacha kupika usiku na mchana, na mgongo wake umeshaanza kulalamika kama magoti yangu.

Nimejaribu. Klori hapana, hiyo mnajua sababu. Nilizika chupa katika mchanga wenye maji, ndani ya gunia, zikae baridi. Nilipata siku moja tu. Friji inahitaji umeme ambao kwetu ni mgeni, unakuja unapopenda. Kisha nikapanga chupa nane zilizojaa, zimefungwa, ndani ya sufuria ya maji, nikawasha moto mdogo. Tatu zilipasuka. Tano zilizobaki zilifika siku ya saba bila siki, kweli kabisa, niliandika kila siku. Nikampelekea moja kwa furaha. Mama Furaha alionja, akaniangalia, akasema, "Hii umenipikia supu."

Kwa hiyo njia ipo, moto ndio unanishinda. Mkubwa mno unapika ladha na kupasua chupa. Mdogo mno hauui kitu. Kuna mahali katikati, nina hakika, na sina cha kupimia zaidi ya kidole changu, ambacho kinasema tu moto au si moto.

Ninyi mmesoma, mna vipima joto, na kati yenu najua wapo waliofanya mafunzo katika viwanda vya maziwa na juisi. Naomba mniambie: maji ya sufuria yafike joto gani, chupa zikae humo dakika ngapi, zijazwe hadi wapi ili zisipasuke, na kizibo kifungwe kabla au baada. Msinijibu kwa kukisia, na msiongeze kitu juu kwa heshima ya umri wangu. Mama Furaha anakamua ndizi Ijumaa. Anayejua anipigie kabla ya Alhamisi jioni, au anikute nyumbani, niko tu.